Je, Wajua? Marseille, Jiji Kongwe la Ufaransa

Je, wajua kwamba jiji kongwe kuliko yote Ufaransa halikuanzishwa na Wafaransa? Yapata mwaka 600 kabla ya Kristo, mabaharia wa Kigiriki kutoka Phocaea, mji uliokuwa kwenye pwani ya Uturuki ya leo, walitia nanga katika ghuba ndogo iliyokingwa dhidi ya upepo na kuanzisha makazi waliyoyaita Massalia. Ghuba hiyo ingalipo katikati ya jiji, nayo huitwa Vieux-Port, Bandari ya Zamani. Masimulizi ya kale yanasema Gyptis, binti wa mfalme wa eneo hilo, alimkabidhi mgeni Protis kikombe karamuni kuwa ishara kwamba amemchagua awe mumewe. Iwe kweli isiwe kweli, tangu hapo Marseille imejengwa na watu walioshuka melini.

Kwa idadi ya watu ni ya pili nchini baada ya Paris: wakazi wake wanazidi 870,000. Kwa eneo, hata hivyo, inaizidi Paris zaidi ya mara mbili, yaani kilometa za mraba 240 hivi dhidi ya 105. Sehemu ya eneo hilo ni majabali ya chokaa na vighuba vya Calanques, hifadhi ya taifa tangu 2012. Huko mzamiaji Henri Cosquer aligundua pango ambalo mlango wake uko mita 37 chini ya bahari. Ndani mna michoro ya farasi, sili na hata ndege wa baharini, mingine ikiwa na umri wa miaka 27,000. Ilipochorwa, bahari ilikuwa mbali na hapo.

Je, wajua kwamba ufuta na mbata kutoka pwani yetu viliwahi kuosha nguo za Wafaransa? Sabuni ya Marseille ina sifa ya karne nyingi. Mwaka 1688 serikali ya Louis wa 14 iliamuru itengenezwe kwa mafuta ya zeituni pekee. Karne ya 19 viwanda viliongezeka, zeituni haikutosha, na wafanyabiashara wa jiji hilo wakatafuta mafuta mengine ng'ambo. Baada ya mkataba wa Ufaransa na Sultani wa Zanzibar wa 1844, nyumba za biashara za Marseille ziliweka mawakala Unguja wakinunua ufuta na mbata. Mkulima wa minazi hakujua jina la jiji hilo, lakini jasho lake lilikuwa ndani ya sabuni ya huko.

Bahari iliyolitajirisha jiji ndiyo iliyoliletea msiba. Mei 1720 meli Grand-Saint-Antoine iliwasili kutoka Shamu ikiwa imebeba vitambaa vya thamani. Mabaharia kadhaa walikuwa wamekufa njiani. Sheria ya karantini ilikuwepo na ilikuwa kali, ila baadhi ya shehena ilikuwa mali ya wakubwa wa jiji, na kulikuwa na soko kubwa la mji wa Beaucaire lililokuwa likisubiri vitambaa hivyo. Sheria ikalegezwa, bidhaa zikashushwa, tauni ikashuka nazo. Katika jiji la watu wapatao 90,000, karibu nusu walikufa. Nahodha, Jean-Baptiste Chataud, alifungwa gerezani, na meli ikachomwa moto. Kwangu mimi hili ndilo funzo zito kuliko mnara wowote wa Marseille: tauni haikuvunja lango, ilifunguliwa na wenye funguo.

Nahodha huyo alifungwa Château d'If, ngome ya karne ya 16 iliyo kisiwani mbele ya bandari. Ngome hiyo ilipata umaarufu duniani kupitia mfungwa ambaye hakuwahi kuishi, shujaa wa riwaya ya Alexandre Dumas, Le Comte de Monte-Cristo.

Wimbo wa taifa wa Ufaransa nao una jina la jiji hili ingawa ulitungwa Strasbourg, mwaka 1792. Vijana wa kujitolea kutoka Marseille waliingia Paris wakiuimba, na watu wa Paris wakauita kwa jina lao.

Mgeni akiinua macho ataona kanisa la Notre-Dame de la Garde juu ya kilima, na sanamu ya Bikira Maria iliyopakwa dhahabu, yenye urefu wa mita 11 hivi. Chini yake, ukingoni mwa bandari, majengo mengi si ya zamani kama mtu anavyodhani. Mapema 1943 jeshi la Ujerumani, likisaidiwa na polisi wa Ufaransa, liliwatoa watu wapatao 20,000 majumbani mwao, kisha likalipua mtaa mzima kwa baruti.

Je, wajua kwamba baadhi huiita Marseille kisiwa cha tano cha Komoro? Makumi ya maelfu ya Wakomoro wanaishi humo. Wa mwanzo walikuja kama mabaharia wa meli za Kifaransa, na familia zikafuata. Mswahili akisikiliza mazungumzo yao sokoni atashika maneno mengi. Februari 1995 kijana wao wa miaka 17, Ibrahim Ali, aliuawa kwa risasi na wabandika mabango wa chama cha Front National. Familia na marafiki walidai haki ya kumbukumbu kwa miaka mingi, na mwaka 2021 barabara ya jiji ilipewa jina lake. Ilichelewa mno.

Na kwa wapenzi wa soka: Olympique de Marseille ndiyo klabu ya kwanza ya Ufaransa kutwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya. Ilikuwa Mei 26, 1993, mjini Munich, kwa bao la kichwa la Basile Boli, mzaliwa wa Ivory Coast, kutokana na kona iliyopigwa na Abedi Pele wa Ghana. AC Milan ilifungwa 1-0. Paris ilisubiri hadi 2025 kulipata kombe hilo.