TIKETI YA KURUDI NA MAJI YA MNEMBA

Kila ikaribiapo likizo ya shule, jamaa zetu wengi hupita Edgware Road kwa mawakala wa safari kutafuta tiketi za Unguja na Pemba. Huulizana bei na uzito wa mizigo. Sisi twawaomba waulizane na jambo jingine: vijana watazamia baharini siku gani, na ndege ya kurudi itaruka siku gani?

Wengi wa vijana hao wakifika nyumbani huenda Nungwi au Mnemba kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa. Si vibaya. Lakini katika kina cha mita 10 mgandamizo huwa maradufu ya ule wa juu ya maji, na gesi ya naitrojeni iliyomo katika hewa wanayovuta huyeyuka kwa wingi mwilini. Hutoka polepole, kwa pumzi. Ndani ya ndege mgandamizo hupungua, hata ukawa kama wa mlima wa mita 2,400. Anayepanda kabla gesi haijatoka huweza kufanya mapovu mwilini, mfano wa soda iliyofunguliwa kizibo.

Hatari huzidi kwa aliyezama kina kirefu, kwa muda mrefu au mara nyingi. Kwa aliyepungukiwa na maji mwilini. Kwa mnene na kwa mtu mzima. Na kwa mwenye tundu dogo moyoni asilolijua. Onyo hili lamhusu pia anayetoka pwani kwenda kupanda Kilimanjaro. Anayeelea juu ya maji kwa kinyago na mrija hana la kuhofu.

Divers Alert Network, mwaka 2002, ilipendekeza kungoja angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 baada ya kuzamia mara kadhaa. Aliyelazimika kusimama njiani akipanda juu angoje zaidi. Sisi twashauri saa 24 kamili.

Maumivu ya bega au goti, ganzi, kizunguzungu, udhaifu wa miguu au kukosa pumzi visidhaniwe kuwa uchovu wa safari. Mgonjwa apelekwe hospitali upesi, na daktari aambiwa kwamba alizamia. Dawa yake ni oksijeni na chumba maalumu cha mgandamizo.

Basi, mzazi anunuapo tiketi, siku ya mwisho na aiweke iwe ya kuaga wazee, nchi kavu.