MASHUDU YA MBONO KABURI: SI TAKA, WALA SI CHAKULA CHA MIFUGO



Kati ya mwaka 2005 na 2010 mbono kaburi ulisifiwa mno nchini Tanzania kuwa zao la mafuta ya kuendeshea mitambo. Makampuni yalifungua mashamba makubwa Kisarawe na Kilwa, lakini kabla ya mwaka 2012 kazi hizo zilikuwa zimesimama. Mti wenyewe ungalipo katika nyua za mashamba yetu. Chama kinachokusudia kukusanya na kukamua mbegu zake hakina budi kupima kwanza kile kinachobaki baada ya mafuta.

Kiasi chake
Mashine ndogo ikikamua kilo 100 za mbegu, hutoa mafuta yapatayo kilo 20 hadi 25. Karibu mzigo wote uliosalia ni mashudu. Anayeyatupa ametupa zaidi ya nusu ya jasho la mkulima.

Hatari yake
Wafugaji wamezoea kuwapa ng'ombe mashudu ya alizeti na ya pamba. Mashudu ya mbono kaburi yana sumu inayoweza kuua mifugo, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa. Magunia yake yatiwe alama, yawekwe mbali na chakula cha mifugo, na kila mwanachama aelezwe sababu.

Matumizi yake
Kwanza ni gesi. Mashudu yakichanganywa na maji na samadi ya ng'ombe katika mtambo usiopitisha hewa, vijidudu huyaozesha na kutoa gesi ya kupikia.

Pili ni mbolea. Tope litokalo katika mtambo huo lingali na rutuba, kwani naitrojeni, fosforasi na potasiamu hazitoki pamoja na gesi. Chama kisicho na mtambo chaweza kuyatia mashudu shambani moja kwa moja, majuma kadhaa kabla ya kupanda, maana yakiwa mabichi na mengi huunguza miche.

Tatu ni kuni. Mashudu yaliyobanwa huwaka vyema, lakini hutoa moshi mwingi usiofaa jikoni, na naitrojeni yote hupotea. Njia hii iwe ya mwisho.

Mali ya nani?
Mafuta hujengwa na mmea kwa hewa, maji na jua. Virutubisho vilivyotolewa udongoni hubaki karibu vyote katika mashudu. Kwa hiyo mwenye mashine akichukua mashudu bure, amechukua rutuba ya mashamba yenu, na baada ya misimu kadhaa mtainunua tena dukani kwa bei ya mbolea.

Basi, kabla ya kutia sahihi mkataba wowote wa kukamua mbegu, Katibu aandike wazi kuwa mashudu ni mali ya wanachama, yapimwe kwa mizani, yaingizwe katika vitabu, na kila mkulima arudishiwe fungu lake kwa kadiri ya mbegu alizoleta. Jambo hili lifikishwe katika mkutano mkuu wa kila chama.