Manifoldi ya Inteki: Anza na Mizunguko Unayoendeshea

Wenye magari ya zamani ya Kimarekani wanaoongezea injini nguvu kidogo hupita njia ileile. Huanza na kamshafti inayonyanyua valvu juu zaidi, wakafuatia na ekzosi ya mabomba marefu, kisha macho yakaangukia manifoldi ya inteki. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Manifoldi iliyobuniwa kwa mashindano hufungwa kwenye gari la kwendea kazini, na gari likatoka gereji zito kuondoka kuliko lilivyoingia.

Tuchukue injini inayojulikana sana katika fani hii: V8 ndogo ya Chevrolet, iliyotoka na magari ya mwaka 1955, ile ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7, inayotumia kabureta.

Kazi ya manifoldi ni kuipeleka hewa na petroli kwenye silinda zote nane. Hewa nayo ina uzito. Pistoni ikishafika chini na kuanza kupanda, hewa iliyo mbioni haisimami papo hapo. Huendelea kusukumana mbele kama abiria wa daladala iliyokanyagiwa breki ghafla, na silinda hujaa zaidi kabla valvu haijafunga. Njia ndefu na nyembamba huipa hewa mwendo huo hata injini ikizunguka polepole. Njia fupi na pana hungoja mizunguko ipande ndipo zifanye kazi. Zaidi ya hapo, mwendo wa hewa ukiwa mdogo, matone ya petroli hushuka na kulowanisha kuta za manifoldi. Silinda moja hupata mchanganyiko mzito, nyingine mwepesi, na injini hutetemeka.

Sokoni kuna miundo mikuu miwili. Manifoldi ya ngazi mbili huzigawa silinda katika makundi mawili ya nne nne. Mpangilio wa kuwaka wa injini hii ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Kundi moja hubeba 1, 4, 6 na 7, la pili 8, 3, 5 na 2. Kwa hiyo ndani ya kila kundi silinda huvuta kwa zamu, kila nyuzi 180 za mzunguko wa krenki, na hakuna inayomnyang'anya jirani yake. Manifoldi ya ngazi moja huziunganisha silinda zote kwenye chumba kimoja kwa njia fupi zilizonyooka. Hiyo hupumua vizuri sana mizunguko ikiwa juu, lakini ikiwa chini huwa goigoi.

Watengenezaji wenyewe hutaja mipaka ya mizunguko. Edelbrock, kampuni kongwe ya Marekani katika kazi hii, huipangia Performer yake ya ngazi mbili kutoka mzunguko wa chini kabisa hadi 5,500 kwa dakika. Performer RPM, ya ngazi mbili pia lakini ndefu zaidi kwa kimo, ni ya 1,500 hadi 6,500. Victor Jr., ya ngazi moja, ni ya 3,500 hadi 8,000.

Sasa piga hesabu ya gari lako. Lenye difu ya 3.08, tairi za kipenyo cha sentimita 66 na gia ya juu isiyopunguza wala kuongeza mzunguko, likienda kilomita 100 kwa saa, injini huzunguka takribani mara 2,500 kwa dakika. Mwenye gari hilo akifunga Victor Jr., atasafiri safari nzima akiwa chini ya mahali manifoldi yake inapoanza kazi.

Utaambiwa injini inahitaji hewa zaidi. Hilo nalo lipimwe. Injini ya lita 5.7 ikizunguka mara 5,500, hata silinda zikijaa kabisa, humeza takribani lita 15,700 kwa dakika. Kabureta ya futi za ujazo 600 kwa dakika hupitisha karibu lita 17,000. Kwa injini iliyoguswa kidogo, hewa ipo ya kutosha. Kinachotakiwa ni mwendo wake.

Kabla ya kulipa, linganisha manifoldi na vitu vitatu. Cha kwanza ni kamshafti: karatasi inayokuja nayo hutaja mizunguko inayofanyia kazi, na mipaka hiyo ikaribiane na ya manifoldi. Cha pili ni silinda hedi. Hedi za Vortec zilizotoka mwaka 1996 hufunga manifoldi kwa bolti nane, za zamani kwa bolti 12, na haziingiliani. Cha tatu ni nafasi chini ya boneti. Bandika vidonge vya udongo wa kufinyangia juu ya kifuniko cha chujio la hewa, funga boneti taratibu, fungua, pima unene wa udongo uliobaki. Toa tofauti ya kimo kati ya manifoldi ya zamani na mpya. Nafasi isiyozidi upana wa ukucha haitoshi, kwa sababu injini huyumba kwenye maunti zake.

Kanuni hii si ya V8 peke yake. Toyota ilipotoa 4A-GE ya lita 1.6 yenye valvu 16 miaka ya 1980, iliipa kila silinda njia mbili za hewa, na valvu za kipepeo zikaifunga moja mpaka injini ipite mizunguko 4,000. Wahandisi walilipia vipuri hivyo vyote ili dereva wa mjini asikose nguvu ya kuondokea. Anayeving'oa ili "kufungua njia" anairudisha shida waliyoitatua.

Kwa V8 yenye kamshafti ya wastani, ekzosi nzuri na difu ya barabarani, ushauri wangu hauyumbi: nunua ya ngazi mbili ya kimo cha kawaida. Panda hadi ile ndefu iwapo kamshafti yako inafika 6,500 na difu yako ni fupi, tuseme 3.73. Ya ngazi moja waachie wanaokwenda uwanjani. Pesa zinazobaki zitumie kwenye gasketi nzuri na kumlipa fundi anayekaza bolti kwa spana ya torki, akianzia katikati kwenda pembeni, maana manifoldi bora inayovuta hewa ya wizi haina faida yoyote.