NAMBA IKIPANDA KIDOGO, USIPAGAWE!

HEBU niambie msomaji wangu: unapewa karatasi ya maabara, mara ya mwisho iliandikwa 0.04, leo imeandikwa 0.07. Utafanyaje? Wengi wanapiga hesabu za haraka haraka, wanaona ugonjwa umekaribia kuongezeka maradufu, presha inapanda na usingizi ndo kwaheri.

Nasema hivyo kwa kuwa sista'angu mdogo anatumia dawa ya kansa ya damu, ile inayoitwa kwa kifupi CML, na karatasi zake huwa tunazisoma pamoja. Namba ilipopanda namna hiyo akaniambia, "Kaka, dawa imeshindwa. Bora niache tu, nihangaike na mitishamba." Wajuaji wa mtaani nao wakachochea. Ikawa kasheshe nyumba nzima!

Kwanza tujue kinachopimwa ni nini. CML inaanza pale kromosomu mbili, ya 9 na ya 22, zinapobadilishana vipande ndani ya chembe zinazotengeneza damu. Dalili yake iligunduliwa mjini Philadelphia, Marekani, mwaka 1960. Hapo ndipo inapozaliwa jeni ya BCR-ABL, ambayo ndiyo mchawi mwenyewe. Zamani ugonjwa huu ulikuwa noma. Mwaka 2001 dawa ya imatinib ikaidhinishwa Marekani, kidonge cha kumeza nyumbani, na leo wengi wanaoimeza ipasavyo wanaishi miaka mingi, wanafanya kazi na muziki wanacheza kama wewe.

Kipimo cha PCR ndicho kinachomsaka huyo mchawi. Wataalamu walikubaliana kiwango kimoja cha kuanzia wakakiita asilimia 100. Ukiona 0.1, maana yake ugonjwa umeshushwa mara 1,000. Sasa huko chini vinavyohesabiwa ni vichache mno. Chukua gunia la mchele lenye punje chache nyeusi. Chota bakuli, utahesabu punje nyeusi 4. Chota jingine, utahesabu 7. Gunia si ni lilelile? Na damu ni hivyo hivyo, hata kwenye maabara nzuri.

Ndiyo maana kupanda kusikofika hata mara mbili hakukumtisha daktari wa sista'angu. Alimuuliza maswali mawili tu: "Umeruka vidonge vingapi? Na maabara ni ileile?" Hakuwa ameruka hata kimoja, na maabara haikubadilika. Akaambiwa aendelee na dawa, apime tena. Kipimo kilichofuata kikasoma 0.05.

Lakini usije ukasema nimekuambia upuuze namba! Safari ya dawa hii ina vituo vyake kama daladala. Ukifika miezi 3 inatakiwa iwe 10 au chini, miezi 6 iwe 1 au chini, mwaka mmoja iwe 0.1 au chini. Ukishashuka chini ya 0.1 halafu ukarudi juu yake, na kipimo cha marudio kikasema vilevile, hapo kuna jambo. Na ikiwa namba inapanda kila unapopima, usikae kimya, muone daktari.

Mara nyingi mzizi wa fitina ni chupa ya vidonge. Mwaka 2010 madaktari wa London walitoa majibu ya wagonjwa 87 waliowekewa kifaa kwenye kifuniko cha chupa, kinachorekodi kila inapofunguliwa. Miongoni mwa waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi, karibu wote walifikia ile 0.1. Waliomeza asilimia 90 kushuka chini, ni kama asilimia 28 tu waliofika. Piga hesabu mwenyewe: kama unameza kimoja kwa siku, kuruka vitatu kwa mwezi ndo asilimia 10 hiyo! Umekesha kwenye harusi, wikiendi umesafiri ukasahau pakiti, tayari. Na baadhi ya mitishamba hupunguza nguvu ya dawa hii mwilini, kwa hiyo usichanganye kienyeji.

Usichanganye pia na picha ya damu ya kawaida. Chembe nyeupe zinaweza kupanda kwa homa au jino bovu, na dawa yenyewe inaweza kuzishusha. Zikishuka sana daktari anaweza kuisimamisha kwa muda. Anayesimamisha ni yeye, siyo wewe wala jirani.

Kwa hiyo ndugu yangu, nunua daftari. Andika tarehe, namba, jina la maabara, na vidonge ulivyoruka. Ukweli wote! Daktari hafukuzi mtu kwa kusahau kidonge, ila akidanganywa anaweza kukubadilishia dawa isiyo na kosa lolote.

Haya, tukutane wiki ijayo.