Neno "Kazi" katika Kuhesabu Kazi za Watu: Mfano wa Rusimbi, Kigoma

Kuuliza si ujinga, husema Waswahili. Lakini swali lisilopimwa huzaa jibu lisilotegemeka, na jibu hilo likiisha kuandikwa katika jedwali hupata sura ya ukweli. Makala haya yanahusu makosa yanayoingia katika takwimu za kazi za watu. Jambo hili hudhaniwa kuwa ni la wanahesabu peke yao. Nia yetu ni kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya makosa hayo huanza katika lugha, yaani katika neno lililochaguliwa na katika wakati wa kitenzi, na kwa hiyo yawapasa wataalamu wa Kiswahili kuyachunguza.

Tuchukue kuwa mfano kaya moja ya Rusimbi, kata iliyomo katika Manispaa ya Kigoma/Ujiji, karibu na pwani ya Ziwa Tanganyika. Kaya hii ni ya kufikiriwa, lakini shughuli zake ni za kweli katika nchi ile. Mume huvua dagaa usiku kwa nyavu na taa. Mke hununua dagaa mwaloni, huanika, kisha huuza. Bibi mzee ana michikichi yake. Hukamua mawese, mengine ya kula nyumbani na mengine ya kuuza. Kijana huvuta nyavu siku moja, na siku nyingine hubeba mizigo. Mwulizaji anafika, anakaribishwa, anauliza: "Katika siku saba zilizopita, nani katika kaya hii alifanya kazi?" Yawezekana kabisa akaondoka ameandika kwamba hakuna hata mmoja, wala hakuna aliyemdanganya. Tutazame jinsi jambo hili linavyoweza kutokea.

I. Neno

Neno kazi lina maana pana na maana finyu. Kwa maana pana, kila ashughulikaye afanya kazi: apikaye, alimaye, achotaye maji. Kwa maana finyu, mwenye kazi ni yule aliyeajiriwa na kulipwa mshahara. Maana hizi mbili hukaa pamoja katika kinywa cha mtu mmoja pasipo kugombana. Mke wa kaya yetu aweza kusema asubuhi, "Leo nina kazi nyingi," na jioni ile ile, akiulizwa na mgeni mwenye karatasi, akajibu, "Mimi sina kazi, mwanangu, nauza dagaa tu."

Msomaji aangalie neno dogo tu. "Nauza dagaa tu", "nalima tu", "nipo nyumbani tu": neno hili haliarifu kwamba shughuli ni ndogo kwa saa zake au kwa mapato yake. Linaarifu kwamba msemaji hadhani kuwa shughuli yake inastahili jina aliloulizwa. Mwulizaji asiyelisikia neno hili huandika "hana kazi", na mwanamke aliyeamka alfajiri kwenda mwaloni hutoweka katika hesabu ya taifa.

Wengine wamedhani kwamba dawa ni kutumia neno ajira mahali pa kazi. Neno hili lina asili ya Kiarabu, nalo ni ndugu wa ujira. Kwa sababu hiyo msikiaji hufahamu kwamba lazima awepo mtu wa kuajiri na mtu wa kuajiriwa. Mwenye mtumbwi wake hajaajiriwa na mtu. Mwenye michikichi vilevile. Neno kibarua nalo lina finyo lake: asili yake ni kipunguzo cha barua, cheti alichopewa mtu wa kazi ya siku ili akionyeshe wakati wa malipo, na hata leo latukumbusha malipo ya siku.

Mwezi wa Oktoba 2013, Mkutano wa Kimataifa wa Wanatakwimu wa Kazi, uliokutana Geneva, ulitenga mambo mawili yaliyokuwa yamechanganyika. Kazi ni kila shughuli ya kutengeneza vitu au kutoa huduma, kwa matumizi ya wengine au ya mtu mwenyewe. Ajira ni sehemu tu ya kazi hiyo, ile ifanywayo kwa malipo au kwa faida. Kwa kanuni hii bibi akamuaye mawese hasa kwa ajili ya chungu chake anafanya kazi lakini hana ajira. Na mke auzaye dagaa ana ajira, ingawa yeye mwenyewe hawezi kulikubali neno hilo. Basi istilahi za wataalamu zimepita njia moja na lugha ya watu njia nyingine, na swali husimama katika njia panda.

II. Wakati wa kitenzi

Kosa la pili limo katika viambishi vya wakati. "Wewe huvua?" ni swali la desturi. "Ulivua?" ni swali la tukio. "Unavua?" lina maana mbili, kwa kuwa -na- yaweza kutaja tendo la sasa hivi, na pia yaweza kutaja mazoea. Mtu aliyeketi barazani mchana akiulizwa "Unavua?" aweza kujibu ndiyo kwa sababu yeye ni mvuvi, au siyo kwa sababu yuko barazani.

Kigoma tofauti hii ina uzito wa pekee. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa, na taa hufaa katika giza. Mwezi ukiwa mpevu, mbalamwezi hushinda nuru ya taa, samaki hawakusanyiki, na wavuvi wengi hupumzika kwa siku kadhaa, wakishona nyavu zao. Mwulizaji akifika siku hizo na kuuliza juu ya siku saba zilizopita, mvuvi mwaminifu atasema hakuvua. Akifika siku za giza, mvuvi yule yule atasema alivua kila usiku. Mtu hakubadilika; kilichobadilika ni mwezi. Wala kushona nyavu hakutatajwa, kwa maana mvuvi hukuita kupumzika.

Mfano mkubwa zaidi ulitokea mwaka 2024. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika, kwa mapatano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wapate kuzaliana. Mtu aliyeulizwa mwezi wa Juni mwaka ule, "Ulifanya kazi gani wiki iliyopita?" na yule aliyeulizwa, "Wewe hufanya kazi gani?" wangeandikwa katika safu mbili mbalimbali. Hapa jambo lenyewe si la kitabuni. Atakaye kujua ni watu wangapi waliopoteza riziki kwa kufungwa ziwa hana budi kujua kwanza ni wangapi waliokuwa na riziki hiyo kabla, wakiwamo wanawake wa mwaloni wasiojiita wafanya kazi. Asiyehesabiwa kabla ya hasara hawezi kuhesabiwa katika hasara.

III. Anayejibu

Mara nyingi mtu mmoja hujibu kwa niaba ya kaya nzima. Kwa bahati njema jambo hili limepimwa nchini Tanzania. Katika mwaka 2007 na 2008 lilifanywa jaribio katika wilaya saba. Watafiti Elena Bardasi, Kathleen Beegle, Andrew Dillon na Pieter Serneels walichambua majibu yake. Kaya ziligawanywa kwa bahati nasibu: nyingine ziliulizwa maswali marefu, nyingine mafupi, katika nyingine kila mtu alijisemea, na katika nyingine alisemewa. Kiwango cha watu walioonekana kushiriki katika kazi kilitofautiana kwa kadiri ya asilimia 10 kati ya njia hizo nne. Maswali mafupi, yasiyotaja shughuli moja moja, yalipunguza idadi ya wanawake wenye kazi. Kusemewa kulipunguza idadi ya wanaume, hasa katika kilimo. Na kosa hilo lilikuwa dogo zaidi pale msemaji alipokuwa mke au mume, au mtu aliyesoma kidogo.

Matokeo haya yanakubaliana na yale tuliyoyasema juu ya neno. Orodha ya shughuli humwokoa mwulizwa na mzigo wa kuamua mwenyewe maana ya kazi.

IV. Jinsi kosa dogo linavyokua

Huenda mtu akasema kwamba makosa ya pande mbili hufutana. Katika kupima urefu wa mbao twaweza kutumaini hivyo. Katika majibu ya ndiyo na siyo sivyo. Tufikirie watu 1,000, ambao 900 wana kazi na 100 hawana. Tuseme katika kila kundi asilimia 5 huandikwa vibaya. Wenye kazi 45 wataandikwa hawana, na wasio na kazi 5 wataandikwa wanayo. Hesabu ya wasio na kazi itakuwa 140 mahali pa 100. Kosa ni lile lile pande zote, lakini kundi dogo limevimba kwa asilimia 40.

Sasa turudi mwaka wa pili na kuwauliza watu wale wale, ambao hali yao haikubadilika hata kidogo, kwa makosa ya kadiri ile ile yasiyofuatana na yale ya kwanza. Watu kama 95 wataonekana wamepata kazi au wamepoteza. Msomaji wa jedwali ataandika sura nzima kueleza mageuzi ambayo hayakutokea. Tena, kuongeza idadi ya watu wanaoulizwa hakuponyi ugonjwa huu. Kosa lililomo katika swali hurudiwa mara nyingi zaidi.

V. Yafaayo kufanywa

Kwanza, neno kazi lisiachwe peke yake. Yatajwe matendo: kuvua, kuanika, kuuza, kukamua, kulima, kubeba. Pili, swali la desturi na swali la tukio yaulizwe yote mawili, kila moja kwa kiambishi chake, na -na- iepukwe. Tatu, siku za kuuliza zigawanywe katika giza na mbalamwezi. Nne, kila mtu ajisemee panapowezekana. Tano, jibu liandikwe kwa maneno ya msemaji, pamoja na tu yake, kabla ya kutiwa katika safu. Mwisho, baadhi ya watu waulizwe tena baada ya siku chache juu ya siku zile zile, ili kosa lenyewe lipate kupimwa.

Kaya yetu ya Rusimbi ikiulizwa hivyo, mwulizaji ataondoka ameandika watu wanne wenye kazi, na kila mmoja kwa namna yake. Hakuna atakayekuwa ameongeza saa moja ya jasho. Ni swali tu litakalokuwa limejifunza kusema lugha ya anayeulizwa.