Mali Bila Daftari

Mwaka huu sikutaka kuandika hadithi ya sungura na fisi. Nimeshika kalamu nieleze jambo lililotukosesha amani nyumbani kwetu karibu muhula mzima. Jambo lenyewe ni fomu ya kurasa nne ambayo mama alikataa kuitia sahihi.

Kwetu ni Mwihoko, eneo bunge la Ruiru, kaunti ya Kiambu. Ukitoka Nairobi unashika barabara ya Thika, ukifika Githurai 45 unaingia ndani, na mvua ikinyesha viatu unavishika mkononi. Kwa wale wasiojua, Mwihoko ni neno la Kikuyu lenye maana ya tumaini, yaani kile unachokitegemea moyoni. Ajabu ni kwamba katika mtaa wenye jina kama hilo, kitu kilichokosekana ni kuaminiana.

Nina mdogo wangu wa miaka tisa. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Mkono wake wa kulia haumtii na maneno humtoka polepole, lakini usimchezee kwa hesabu. Tukipanda matatu, ni yeye anayemwuliza konda, "Chenji... iko... wapi?" Konda hucheka, kisha huitoa.

Mwaka jana wazazi wenye watoto kama yeye waliitwa mkutanoni. Wageni kutoka shirika moja la hisani (jina lake nalihifadhi) walieleza kuwa wamepata ruzuku ya serikali ili wasaidie watoto wenye mahitaji maalum kusoma pamoja na wenzao katika shule za kawaida. Huo ndio mpango uitwao elimu jumuishi. Walitaka wazazi wajaze fomu: jina la mtoto, aina ya ulemavu, namba ya simu, na katika ukurasa wa nne, ruhusa ya kupigwa picha.

Mimi niliyekuwa nimeketi nyuma na mdogo wangu nilidhani watu wangeshangilia. Wapi! Palikuwa kimya kama makaburini. Kisha mama mmoja, muuza mboga, akasimama. "Kuna wengine walikuja hapa kabla yenu," akasema. "Wakapiga watoto wetu picha, wakaenda. Tulichoona ni kalenda tu. Sasa nyinyi mmepewa pesa na serikali, na sisi tutapewa kalenda?" Watu wakapiga makofi. Fomu nyingi zilirudi bila sahihi, ya mama ikiwemo.

Jioni hiyo chakula hakikulika. Baba alisema, "Mama nanii, unamfungia mtoto mlango." Mama akajibu kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nami nikajiuliza: je, wazazi hawa wana haki ya kushuku, au ni ukaidi tu? Nilimwendea mwalimu wetu wa historia, nikaingia maktabani, na haya ndiyo niliyoyapata.

Ukweli wa kwanza ni kwamba makanisa na mashirika ya hisani ndiyo yaliyotangulia katika elimu hii. Hatuna haja ya kwenda mbali, tazameni Thika. Jeshi la Wokovu lilianza kuwafunza wasioona pale mwaka wa 1946, miaka 17 kabla ya uhuru. Shule ya Joytown, ya watoto wenye ulemavu wa viungo, nayo ilianzishwa na Jeshi hilo hilo mjini humo humo katika miaka ya 1960.

Baadaye serikali ikaingia. Sheria ya Elimu ya mwaka wa 1968 iliziweka shule mikononi mwa umma, na makanisa yakabaki na cheo cha mfadhili. Walimu wakawa wanalipwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu. Mwaka wa 1984, kwa msaada wa serikali ya Denmark, vikaanzishwa vituo vya kuwatathmini watoto ili ijulikane kila mmoja anahitaji nini. Mwaka wa 1986 ikaundwa taasisi ya KISE, iliyoko Kasarani, si mbali na kwetu, ya kuwafunza walimu wa elimu maalum. Na elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure mwaka wa 2003, serikali ilianza kutoa shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi, na shilingi 2,000 zaidi kwa mwanafunzi mwenye mahitaji maalum.

Kwa hivyo, wasomaji wenzangu, pesa za serikali na kazi ya mashirika zilichanganyika zamani kama chai na maziwa. Anayesema shirika la hisani halifai kabisa kugusa pesa za serikali hajui historia ya Thika.

Mbona basi wazazi wanashuku? Nimepata sababu tatu.

Kwanza, hawaioni njia ya pesa. Mzazi anajua kuwa ruzuku ni kodi yake, ile anayokatwa hata akinunua sabuni. Anasikia imetoka wizarani, ikapitia ofisi hii, semina ile, gari lile, na kufikia shuleni imekuwa kalenda. Tena Mkenya ana kumbukumbu. Mwishoni mwa mwaka wa 2009 Uingereza ilisimamisha msaada wake kwa mpango wetu wa elimu, na Januari 2010 Marekani ikafanya vivyo hivyo, baada ya kugunduliwa kuwa mamilioni ya shilingi za mpango huo yalikuwa yametoweka. Zile zilikuwa pesa za wizarani, sio za shirika lolote la hisani, lakini mzazi hachambui hivyo. Yeye anakumbuka tu kwamba ziliandikwa kwa jina la mtoto wake, na mtoto hakuziona.

Pili, kuna suala la ulimi. Zamani shirika lilikuwa mdomo wa wazazi: serikali ikilala, shirika linapiga kelele. Likianza kulipwa na serikali, litapiga kelele tena? Jambo hili haliko Kenya peke yake. Huko Uingereza, sheria ya mwaka wa 2014 ilibadilisha elimu ya watoto wenye mahitaji maalum, na wizara ya elimu hutoa ruzuku kwa vikundi vya wazazi na hulipa mashirika ya hisani yasaidie katika mageuzi. Huko nako wapo wazazi wanaouliza kama anayelipwa na wizara anaweza kuikosoa wizara.

Tatu, na hili ndilo lililomwuma mama hasa, ni mageuzi yenyewe. Sera ya mwaka wa 2018 inataka watoto wenye ulemavu wasome karibu na nyumbani, katika shule za kawaida. Ni wazo zuri sana. Lakini mzazi anaitazama shule ya kawaida na kuona ngazi, choo chembamba, na mwalimu mmoja aliyezingirwa na watoto kama nyuki. Anaogopa mtoto atahamishwa kwanza, halafu hayo mengine yaje "baadaye". Basi shirika lililolipwa likija na fomu, yeye anaona limelipwa limhamishe mtoto wake.

Hata hivyo, haki ni kusikiza pande zote mbili. Katika eneo la Kisumu, kuanzia mwaka wa 2013, shirika la Leonard Cheshire liliendesha mpango wa kuwaingiza wasichana wenye ulemavu katika shule 50 za msingi za kawaida. Pesa zilitoka kwa serikali ya Uingereza. Hapo serikali ililipa, shirika likafanya kazi, na wasichana wakapata madawati. Isitoshe, shirika lisilopata ruzuku hutegemea wahisani wa ng'ambo, na mhisani wa ng'ambo akichoka hafungi hata mlango. Kupokea pesa za serikali si dhambi. Ubaya uko pale pesa zinapopokelewa gizani.

Na hapa ndipo nilipogundua jambo ambalo wazazi wengi, hata walimu wengine, hawalijui: sheria imetupa taa. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016 inaigusa si serikali tu bali hata shirika la binafsi linalotumia pesa za umma, na aliyeulizwa anapaswa kutoa uamuzi wake katika muda wa siku 21. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inaweka wawakilishi 6 wa wazazi katika bodi ya shule dhidi ya 3 wa mfadhili, na kiti kimoja cha kuwawakilisha wenye mahitaji maalum. Sheria mpya ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024, nayo inayataka mashirika yaweke hesabu na kupeleka ripoti. Juu ya yote, kifungu cha 54 cha Katiba kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kusoma pamoja na jamii kwa kiasi kinachoambatana na maslahi yake mwenyewe. Maslahi yake, sio ya wizara wala ya shirika.

Nilimsomea mama hayo jikoni akikata sukuma wiki. Akaweka kisu chini. "Soma tena hapo pa siku 21," akasema.

Jumapili iliyofuata wazazi kumi na mmoja walikutana kwetu. Mimi ndiye niliyeandika barua kwa Kiswahili sanifu, na nawaambia mkono ulikuwa ukinitetemeka kuliko siku ya mtihani. Iliuliza maswali matatu. Ruzuku ni kiasi gani, na ni ya muda gani? Kati ya hizo, ngapi zitafika shuleni, na zitafanya nini? Na serikali isipoleta mwalimu au isipojenga njia ya viti vya magurudumu, je, nyinyi mtasema hadharani?

Siku ya kumi na tisa wakaja, safari hii bila kamera. Waliandika hesabu ubaoni, mstari kwa mstari. Karibu nusu ilikuwa ya kuwafunza walimu, na watu wakanung'unika, lakini angalau walinung'unikia kitu walichokiona kwa macho yao. Swali la tatu lilipofika, kiongozi wao alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hilo sijawahi kuulizwa. Nitalipeleka ofisini." Hadi leo jibu halijarudi. Wazazi tisa walitia sahihi, wawili wakakataa. Mama alitia sahihi kurasa tatu, ule wa picha akauacha mtupu.

Leo mdogo wangu yuko katika kitengo maalum ndani ya shule ya kawaida, na kipindi cha hesabu hukisoma pamoja na wanafunzi wa darasa la kawaida. Choo cha shule bado kina ngazi tatu, na kila siku kuna mtu wa kumshika mkono. Wazazi wameandika barua ya pili, kuhusu ngazi hizo. Wanahesabu siku.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa nikiandika methali hii katika insha ili nipate alama tu. Sasa naielewa. Wazazi wa kwetu hawakuchukia hisani. Walitaka daftari lifunguliwe mbele yao. Wenzangu, tukirudi nyumbani likizo hii, tuwasomee wazazi wetu sheria hizi kwa lugha wanayoielewa, kwani wengi wanadhani kuuliza ni kukosa shukrani. Mdogo wangu na yule konda ni marafiki wakubwa, na bado kila siku humwuliza chenji iko wapi.

Wasalaam. Ni mimi wenu, mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne.