Miguu Inaitisha, Moyo Unalipa

Sato mangware, Limuru Road inakuanga na mbogi mbili za baiki. Kuna wale wanatoka Ruaka wakiwa moto, gia nzito, mdomo wazi, wanataka kuosha kila mtu kabla Banana. Alafu kuna wale wameweka gia nyepesi, miguu inazunguka mbio, na bado wanabonga udaku za mtaa. Ngoja ifike Tigoni, kwa mashamba za majani chai. Hiyo mbogi ya kwanza utaipata mmoja mmoja kando ya barabara, kila msee anajifanya anacheki cheni.

Usidhani ni bei ya baiki. Wale wametulia wanacheki namba mbili tu: mapigo ya moyo, na kadensi, yaani mara ngapi pedali inazunguka kwa dakika. Miguu ndio inaitisha, moyo ndio unalipa. Ukicheki moja bila ingine, hujui deni imefika wapi.

Tupige hesabu kiasi. Unapanda kwa kilomita 12 kwa saa. Ukiwa na meno 34 mbele na 28 nyuma, unazungusha kama mara 78 kwa dakika. Weka 19 nyuma, spidi ni ileile, lakini sasa unazungusha 53, na kila ukikanyaga unasukuma na nguvu imezidi karibu nusu. Hapo ndio magoti huanza kulia na mapaja zinamaliza sukari yake mapema. Ukiwa kwa gia nyepesi, kazi inahamia kwa moyo na mapafu, na mapigo yanaweza panda kidogo. Ni sawa tu. Moyo hukuanga na subira kuliko paja, na ukimanga na ulale poa, kesho uko fiti tena.

Hapa kwetu hii kitu iko na historia. Chris Froome alizaliwa Nairobi 1985, na akiwa kijana alikuwa anashinda kwa David Kinjah pale Kikuyu, akifunzwa baiki na Safari Simbaz, mbogi ya Kinjah. Julai 2013 kwa Tour de France, pale Mont Ventoux, aliacha wasee akiwa amekaa kwa kiti, miguu ikizunguka mpaka watu wakashuku. Mafan walikuwa wanamcheka juu macho hazikuwa zinatoka kwa kompyuta ya usukani. Wacheke tu. Tour alibeba nne: 2013, 2015, 2016 na 2017.

Lakini usikimbilie kadensi ya mia kwa siku moja. Kwa tambarare, tafuta kati ya 85 na 95. Kwa mlima, 70 hivi si dhambi. Ukizungusha mpaka makalio yanaruka kwa kiti, umepita kiwango chako, shuka kidogo, ama labda kiti chako kiko juu sana. Na usinunue kidude ya kadensi kama ganji imeisha. Hesabu goti la kulia likipanda kwa sekunde 15, zidisha mara nne. Ukipata 22, uko kwa 88. Bure kabisa.

Kwa moyo ndio ningekushow utoe doo. Saa ya mkono iko sawa ukiwa umekaa keja, lakini kwa lami ya mashimo mkono unatetemeka na namba zinaruka ovyo. Mkanda wa kifuani unasoma umeme wa moyo wenyewe. Lowesha zile sehemu za kugusa ngozi na maji kabla uvae, juu ukiwa mkavu, kilomita za kwanza utasomewa ujinga.

Kila mtu anajua ile fomula ya 220 toa miaka. Ni ya kukisia, na inaweza kukosea kwa mapigo 10 ama zaidi. Afadhali ujue mapigo yako ya juu kutoka kwa mlima wenye ulijituma kabisa (kama uko na shida ya moyo, ona daktari kwanza, hiyo si ya mchezo), na mapigo ya kupumzika asubuhi kabla utoke kwa bed. Tuseme juu ni 192, asubuhi ni 56. Katikati kuna 136. Chukua asilimia 60 mpaka 70 ya hiyo, ongeza 56: unapata 138 mpaka 151. Hapo ndio unafaa kukaa tizi nyingi, na hapo ndio wengi hawawezi kaa. Ni polepole, inaboo, na kuna budaa wa baiki ya Black Mamba na gunia ya kabichi anakupita akikusalimia vizuri. Wacha apite. Ego ndio imeharibu tizi za wasee wengi kuliko pancha.

Ata hiyo namba iko na uongo yake. Nganya ikikukata karibu na handlebar, moyo unaruka na hujaongeza nguvu yoyote. Hiyo ni uoga. Ukipiga mbio fupi ya sekunde 20, mapigo yanakuja kupanda ushamaliza, so kwa mbio fupi sahau mkanda, sikiza miguu. Ukilala saa nane ju ya sherehe, ama homa iko njiani, mapigo ya asubuhi yanapanda kabla ata usikie vibaya. Yakizidi kawaida yako kwa 8 ama 10, rudi kwa blanketi.

Na ukishuka Mombasa kutoka huku juu, usishtuke. Hewa ni nzito kuliko ya Nairobi, lakini joto na jasho zinafanya moyo upande polepole ata kama kadensi na spidi hazijabadilika. Kunywa maji mapema, na ukubali kwenda mdogo mdogo.

Ukitaka kujua kama hii yote inaleta kitu, chagua mlima moja, Ruaka mpaka Limuru iko poa. Panda bila kupita 150, kadensi 75 hivi, andika dakika. Rudia baada ya mwezi, saa ileile ya asubuhi. Dakika zikishuka na moyo umekaa palepale, umeiva. Zikikataa kushuka, cheki usingizi wako kwanza kabla uanze kulaumu tairi.